Chapa ya Birika

Kiponda, katika Mji Mkongwe, watu walikuwa wakisema kwamba Bi Mwanapili binti Ame angeweza kukosa unga ndani na bado akatoka na buibui lililopigwa pasi. Walisema kwa kejeli. Yeye aliposikia hakukasirika. Alijibu kuwa unga hauonekani barabarani, buibui linaonekana.

Alikuwa amesomeshwa wakati wazazi wengi waliona binti akishahitimu Kurani elimu imemtosha. Akafundisha katika skuli ya wasichana mpaka alipoolewa na Miraji bin Usi, mnunuzi wa mwani. Zama hizo mwani haukuwa ukipandwa. Uliota wenyewe juu ya miamba ya pwani ya mashariki, na wanawake wa Chwaka waliuchuma maji yakitoka, wakauanika, wakauuza. Miraji aliununua akauleta mjini, na matajiri wenye meli wakausafirisha nchi za nje, ulikotengenezewa dawa na vyakula. Magunia yake yote yalipigwa chapa moja, birika la kahawa, kwa sababu baba yake, Mzee Usi, alianza maisha kwa kuuza kahawa vichochoroni. Mnunuzi akiliona birika hakufungua gunia kutazama. Huo ndio uliokuwa utajiri wa Miraji, mwingine haukuwapo.

Mwaka wa sitini na nne yakaja Mapinduzi, na baada yake ghala la Malindi likataifishwa pamoja na mizani, magunia, na kile kibao cha mti cha kupigia chapa. Haukupita muda mrefu Miraji akafa kwa ugonjwa wa kifua. Watu walidhani mjane atalilia ghala. Bi Mwanapili alimlilia mume. Kuhusu ghala alisema kuta ni kuta. Akabaki katika nyumba ya ukoo ya Mzee Usi, kwa radhi ya shemeji yake Borafya, ndugu mdogo wa marehemu, ambaye sasa alikuwa wakala wa kununua mwani kwa niaba ya ofisi ya mazao ya serikali.

Siku moja, mwaka wa sitini na tisa, alikwenda kununua uzi katika duka la Bwana Rehmtulla, mzee wa Kihindi aliyewahi kusafirisha mwani pamoja na mumewe.

"Bi Mwanapili, nikwambie jambo, hutanichukia?"

"Nikikuchukia utajua."

"Birika lenu linavuja."

Akamweleza. Ofisi ya mazao ilikuwa bado ikitumia kibao kile. Magunia ya Birika yalikuwa yakienda nje kama zamani, ila ndani yake mlikuwa na mchanga, vijiwe, na mwani mbichi ulioota ukungu. Mnunuzi wa huko alikuwa ameikataa shehena nzima.

"Huko hawajui kama Miraji kafa," alisema Rehmtulla. "Hawajui kama nchi imebadilika. Wanalijua birika tu. Sasa wanasema mwenye birika mwizi."

Bi Mwanapili alitoka dukani akauacha uzi juu ya meza.

Jioni Borafya alikuja kumtazama kama ilivyokuwa ada yake. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye kupenda mambo yapite.

"Na wewe unajua?" Bi Mwanapili alimuuliza.

"Najua, shemeji."

"Na umenyamaza."

"Zama hizi mtu hajibu. Nyumba yetu imesalimika kwa sababu haikusikika. Nawe usisikike."

"Nyumba imesalimika, mwenye nyumba anaitwa mwizi."

"Wanamwita huko ng'ambo ya bahari. Hapa nani anasikia?"

"Mimi nimesikia," alisema, na asubuhi akapiga buibui pasi akaenda ofisini.

Mkuu wa ofisi ile, Matar, alikuwa kijana wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, aliyepandishwa cheo haraka, mwenye adabu na mwenye woga, na vitu hivyo viwili mara nyingi hukaa nyumba moja. Alisimama Bi Mwanapili alipoingia.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kugombana na mtu aliyesimama hakuna raha."

Matar akakaa. Alipokwisha kusikiliza akasema, kwa upole, kuwa magunia yale yalikuwa mali ya umma.

"Magunia chukueni. Mizani chukueni. Funguo za ghala niliwapa kwa mkono wangu huu, hamkuvunja mlango. Lakini jina la Miraji lilitaifishwa lini? Nionyeshe tangazo."

Matar akacheka kidogo, kisha akautazama mlango kama umefungwa vizuri.

"Ile ni picha ya birika tu, Bi."

"Kama picha tu, pigeni ya sufuria. Mbona hamkupiga ya sufuria?"

Jibu walilijua wote wawili. Gunia la sufuria asingelinunua mtu.

"Basi nifanye nini?" alisema mwishowe, na sasa sauti yake haikuwa ya mkuu wa ofisi. "Mimi huulizwa uzito. Kila robo ya mwaka naulizwa uzito. Wanawake wa Chwaka wananiletea mchanga, nami napeleka mchanga. Wewe mwenyewe ushapata kwenda kuuona mwani unavyochumwa?"

Hapo alimpata. Bi Mwanapili alikuwa amekula na kuvaa kwa mwani miaka yote ya ndoa yake, wala hajapata kukanyaga mwamba unakoota. Kwa mke wa mfanyabiashara wa mjini, kwenda pwani na kupandisha nguo mpaka magotini halikuwa jambo la heshima.

"Sijaenda," alisema. "Nitakwenda. Na ukisikia nimerudi, ujue sikurudi kunyamaza."

Akapanda gari la shamba mpaka Chwaka. Aliwakuta wanawake pwani wakigeuza mwani uliotandazwa juu ya mchanga mtupu. Mkubwa wao alikuwa Bi Sichana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu upande wa pili wa ghuba.

"Njooni mtazame," alisema Sichana. "Mke wa Birika huyu. Tulidhani hadithi, kumbe yupo, na miguu anayo."

Wanawake wakacheka. Bi Mwanapili akangoja wamalize.

"Mnamtia Miraji aibu kaburini," alisema. "Mnatia mchanga na mawe, mnamharibia jina."

"Tunatia," alisema Sichana bila kuona haya. "Mizani ya ofisi haina macho, inapenda uzito, basi tunaipa uzito. Mumeo alikuwa na macho. Akitia mkono mpaka chini ya gunia, na akikuta mzizi mmoja anakurejeshea gunia zima, ukalilie mbele. Tulimchukia mno, Mungu amrehemu. Sasa hakuna wa kumchukia."

"Na mizizi mnang'olea nini? Si ndiyo mbegu ya kesho?"

"Vua viatu, bi mkubwa, nikakuonyeshe hiyo kesho."

Bi Mwanapili alivua viatu. Akapandisha buibui, akamfuata Sichana maji yalipokuwa yametoka, akateleza, akashikwa mkono, akateleza tena. Walipofika mwambani aliona jiwe limekwanguliwa jeupe, kama sufuria iliyokombwa ukoko. Huku na huku kulikuwa na kichipukizi cha mwani kisichofika hata kidole.

Sichana akamweleza mambo yalivyokuwa. Tangu enzi za bibi zao, wanawake wa Chwaka walikuwa na desturi ya kufunga mwamba. Wakishachuma upande mmoja, walichomeka mti wa mkoko wenye kitambaa cheupe, na hapo hakuna mkono uliogusa mwani mpaka mti ung'olewe. Siku ya kufungua walipika wali pwani, wakafukiza ubani, wakasoma fatiha. Kisha vijana wa kamati ya chama wakasema huo ni ushirikina, mizimu haijengi taifa. Wakaing'oa miti yote.

"Sasa hakuna anayefunga," alisema Sichana. "Nikiuacha mimi, atang'oa Mize. Mize akiuacha, watakuja wa Kiwengwa. Basi nang'oa mimi. Siku moja utakwisha, twende tukasuke makuti."

Bi Mwanapili alikuwa amewafundisha watoto wa skuli, miaka mingi, kwamba mambo ya ubani na vitambaa ni ujinga. Aliusimamia usemi huo hata pale, maji ya chumvi yakiwa yamemfika vifundoni.

"Ubani wenu sina haja nao. Mti wenu nnautaka."

"Ubani na mti ni mke na mume."

"Basi nitawapa talaka. Mti utachomekwa kwa amri ya serikali, ataogopa muumini na asiyeamini."

"Utafungwa," alisema Sichana.

"Labda. Wewe utang'oa mti nikifungwa?"

"Mimi? Nikishachomeka mti, atakayeung'oa nitamng'oa meno."

Bi Mwanapili akarudi kwa Matar, na mkutano ukaitishwa Chwaka mbele ya tawi la chama, mchana. Matar alikuja kutoka mjini, na Borafya alikuja pamoja naye. Kabla haujaanza, Borafya akamvuta shemeji yake kando.

"Nakuomba, shemeji. Kwa haki ya ndugu yangu. Usilitie jina letu midomoni mwa watu."

"Limo tayari. Nakwenda kulitoa."

Akasimama mbele ya wanaume, jambo ambalo mwanamke wa daraja yake hakuwa akilifanya, akasema yote bila kuzunguka. Mwani unakwisha. Ofisi inanunua uzito, basi inauziwa mchanga. Kama serikali inautaka mwani uwe mali ya umma, na iulinde kama mali: mwamba ufungwe kwa amri, upande kwa upande, asichume mtu, mwani ukatwe, using'olewe, uanikwe juu ya makuti, si juu ya mchanga, na usiokuwa safi usinunuliwe, awe ameuleta nani.

Kijana mmoja wa kamati akainuka. "Mama huyu anataka kuturejesha enzi za mabwana."

Watu wakatazama chini. Maneno kama yale, zama zile, yalikuwa yakimfuata mtu mpaka nyumbani. Borafya alifunika uso kwa kiganja.

"Enzi za mabwana mwani ulikuwapo," alisema Bi Mwanapili. "Mnataka iandikwe kuwa ulipokuja mkononi mwetu wenyewe tuliumaliza? Wewe kijana, hiyo kwako ni sifa? Kwangu ni fedheha, na mimi fedheha siitii ndani, ije na bendera gani."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyemkalisha. Nyuma, miongoni mwa wanawake, Sichana alisema kwa sauti aliyodhani ya kunong'ona, "Kumbe anacho kinywa," na watu watatu wanne wakacheka, na ule ubaridi ukapungua.

Matar alikuwa akifikiri. Shehena imekataliwa, naye ndiye atakayeulizwa. Na mwenye kuulizwa hutafuta wa kuulizwa pamoja naye.

"Tuseme tumefunga," alisema. "Uzito utashuka. Nani atajibu?"

"Mimi."

"Kwa dhamana gani, Bi?"

"Nipe kibao cha birika. Nitakaa hapa Chwaka penye mizani, nami ndiye nitakayepiga chapa. Gunia nililolipiga mimi likirudi, mtakichoma kibao mbele ya watu hawa, na mtasema hadharani kuwa nyumba ya Mzee Usi ni nyumba ya wezi. Nisilolipiga, lisiitwe Birika."

Borafya alinyanyuka nusu, akakaa. Dhamana aliyoitoa mwanamke yule ilikuwa ndiyo mali yake pekee, na kwa hesabu ya Borafya haikuwa yake.

Matar akakubali. Mwamba wa kusini ukafungwa kwa amri ya ofisi, na wanawake wakachomeka miti ya mikoko yenye vitambaa vyeupe. Kijana wa kamati alikuja kuhakikisha kuwa hakuna ubani. Hakuuona. Kama alifukiza Sichana nyumbani kwake usiku ule, hilo ni baina yake na Mola wake.

Bi Mwanapili akakodi chumba Chwaka akakaa nao. Miezi ile ya kufunga mwamba ilikuwa ya dhiki. Walichuma upande mmoja tu, na magunia yakawa machache. Kila aliyeleta mwani alimkuta yule mwanamke wa mjini, buibui limepigwa pasi ya makaa, akikunja mkono na kuuzamisha mpaka chini ya gunia. Chumvi ikampasua vidole. Aliwarejeshea magunia wenye njaa akijua kuwa wana njaa, na hakuomba radhi. Walimpa majina. Mmoja alimwita Munkari na Nakiri, malaika wa kuhoji maiti kaburini, kwa kuwa, alisema, huyu peke yake anawatosha wote wawili.

Miti ilipong'olewa, mwamba wa kusini ulikuwa umejaa. Mwani ulilala mnene, mwekundu, wenye kung'aa, na wanawake waliukata kwa mkono wakaiacha mizizi jiweni, wakiimbiana matusi ya furaha. Walipouanika juu ya makuti haukushika mchanga hata chembe. Siku lori la ofisi lilipokuja, magunia yalikuwa yamepangwa penye mizani yakingoja chapa.

Matar alishuka akiwa na uso wa mtu anayesubiri habari mbaya. Akatia mkono mwenyewe katika gunia moja, akautoa mkavu, akatabasamu. Kisha akahesabu kwa macho, na tabasamu likaondoka. Lori lilikuwa kubwa kuliko mavuno.

Hapo akaja Borafya na gari la ng'ombe, magunia yamepandana. Alikuwa ameyanunua Kiwengwa, ambako hakukuwa na mti wala kitambaa.

"Shemeji, nimekuokoa," alisema kwa furaha ya kweli. "Lori litajaa. Piga chapa."

Bi Mwanapili akakunja mkono, akauzamisha katika gunia la kwanza. Alipoutoa ulikuwa na kipande cha mwani chenye mzizi, na mzizi umekumbatia jiwe. Gunia la pili lilikuwa na unyevu chini. La tatu hakulifungua.

"Haya sipigi."

"Ni yetu haya," alisema Borafya polepole, kama anamfahamisha mtoto. "Nimeyanunua mimi. Birika ni la baba yangu."

"Ndiyo maana sipigi."

Wanawake waliacha kazi. Borafya akaona anatazamwa, na mtu mpole akitazamwa na wanawake huweza kuwa mtu mwingine.

"Jina hili si lako," alisema. "Umeolewa nalo tu. Mimi nimezaliwa nalo. Nipe hicho kibao."

Neno lile lilimchoma, na watu waliona kuwa limemchoma. Bi Mwanapili alikishika kibao kwa mikono miwili, wino ukamchafua buibui mbele, pale penye pasi.

"Kweli," alisema. "Wewe ulizaliwa nalo, ndiyo maana unadhani haliwezi kufa. Mimi nililikuta safi kwa mume wangu, na nnajua lilimgharimu nini kulisafisha. Chukua magunia yako."

"Na nyumba ya Kiponda nayo ni ya baba yangu. Umelisahau hilo?"

"Sikulisahau. Vitu vyangu vitatolewa kabla ya Ijumaa, na sakafu nitaipiga deki."

Borafya hakuwa amekusudia kufika huko. Alimgeukia Matar amsaidie. Matar akajifuta jasho.

"Bi Mwanapili, nikiondoka na lori nusu nitaulizwa. Mara hii moja tu. Yachanganye, nani atajua?"

"Atajua yule atakayefungua gunia huko, kama alivyojua mara ya kwanza. Yapakie kama unataka, sikukatazi. Lakini yatakwenda uchi, bila birika, na wewe utaeleza kwa nini."

"Nitaandika kuwa umekataa."

"Andika. Andika kakataa Mwanapili binti Ame, mjane wa Miraji bin Usi. Jina liandike kamili, usilifupishe. Na uandike pia kuwa Kiwengwa nako panataka kufungwa, kwa amri, kabla jiwe halijawa jeupe kama hapa lilivyokuwa."

Matar alilitazama lori, akayatazama magunia ya Borafya, akautazama mwani wa Chwaka uliokuwa bado umebaki juu ya makuti. Dereva akapiga honi. Kisha Matar akamwambia Borafya, bila kumtazama, ayarudishe.

Gari la ng'ombe likageuka taratibu mchangani. Borafya alitembea pembeni yake bila kugeuka nyuma, na Bi Mwanapili alimtazama mpaka alipopotea, kwa sababu alikuwa shemeji mwema na mtu wa mwisho wa nyumba ile aliyekuwa akija kumjulia hali. Hakumwita.

Akafuta mkono kwa upindo wa buibui lililokwisha kuharibika, akaketi penye mizani.

"Nani anafuata?"

"Mimi," alisema Sichana, akilisukuma gunia lake kwa goti. "Langu hili usijisumbue, bi mkubwa. Safi."

"Hilo nitaliona mwenyewe," alisema Bi Mwanapili, akakunja mkono, akauzamisha mpaka chini.